Pointi za Oktoba, gharama za nani?

SWALI: Wahariri, binti yetu anakimbia mbio za nyika Daraja la Kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Chuo chake kimekata bajeti, lakini Oktoba timu bado hupanda ndege kwenda mbali, ilhali mashindano ya kanda ni Novemba, tena jirani. Kwa nini? Hakuna njia nafuu? (Mzazi, Eldoret)

JIBU: Mzazi, wanafuata pointi. Fainali ya taifa huchukua timu 31. Kanda ni tisa, na timu mbili za kwanza za kila kanda hufuzu moja kwa moja, hizo 18. Nafasi 13 zilizobaki hugawiwa kwa pointi, yaani kwa kuhesabu ni timu ngapi kati ya zilizofuzu ambazo timu inayowania nafasi ilizishinda msimuni. Huwezi kuishinda timu usiyokutana nayo, ndiyo maana makocha hukimbilia mashindano makubwa kama Nuttycombe, kule Madison, jimbo la Wisconsin. Wasichana saba, wavulana saba, makocha, hoteli, magari ya kukodi. Chuo kisichomudu safari hiyo kinaweza kushika nafasi ya tatu kwenye kanda na bado kikabaki nyumbani. Hatuoni haki hapo.

Tungependekeza zile 18 zibaki, na zile 13 zigawiwe kanda kabla ya msimu: kila timu iliyoingia 13 bora kwenye fainali iliyopita iipatie kanda yake nafasi moja. Kanda ya Mountain, nyumbani kwa vyuo vya BYU (Brigham Young) na Northern Arizona, ikiwa na timu nne humo, itapeleka sita. Kanda isiyo na hata moja itapeleka mbili. Kugawa tatu tatu kila kanda ni rahisi zaidi, ila kutaziacha nje timu kali za Mountain.

Kasoro ipo. Wakimbiaji watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Wa tano akiteguka mguu siku ya kanda, leo pointi za Oktoba huweza kuiokoa timu, kwa mpango wetu hazitakuwepo. Pia hakuna atakayethubutu kukimbia kanda huku akitunza nguvu, na wanaume watamaliza nguvu kwenye kilomita 10 mara mbili, kanda na fainali, ndani ya siku nane. Kwa hiyo mashindano ya kanda yafanyike wiki moja mapema.

Binti yenu ana mlango mwingine hata sasa: katika kila kanda, wakimbiaji wanne bora ambao timu zao hazikufuzu huenda fainali peke yao.