Waliobaki kwenye treni

Wiki hii mmeuliza: je, wafanyakazi wa Austria walikosea kushika bunduki dhidi ya serikali ya Kansela Dollfuss, Februari 1934? Nimelisoma swali mara mbili nikaona mmewasahau watu wa reli.

Tarehe 12 polisi walikwenda kupekua silaha Hotel Schiff mjini Linz, watu wa Schutzbund, mgambo wa chama cha wafanyakazi cha Social Democrats, wakafyatua risasi. Vienna, mafundi umeme wakazima mitambo na tramu zikasimama njiani. Treni hazikusimama. Serikali ikapata njia ya kupeleka askari, na mizinga ikapiga Karl-Marx-Hof, nyumba za familia. Karl Münichreiter, fundi viatu, alibebwa kwa machela kwenda kunyongwa, majeraha hayajapona. Nilianza kuandika nikiwa na hasira na wale wa treni.

Niliwahi kuendesha lori la miwa. Msimu mmoja wenzangu waligomea malimbikizo ya mishahara. Mke wangu alikuwa wodini, dawa zote za kununua. Siku ya pili nikaingia kazini. Walikuwa wamekaa chini ya mwembe karibu na geti. Nilitegemea matusi, hata mawe. Akainuka mmoja tu, yule tuliyekuwa tukila sahani moja mchana. Geti lile lilikuwa zito, limeota kutu, kwa kawaida husukumwa na watu wawili. Alilisukuma peke yake, akalishikilia mpaka tela likapita. Hakuniangalia. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akilirudisha, polepole, kisha akapangusa viganja kwenye suruali. Tuliingia madereva watano, kiwanda kikaendelea kusaga, siku ya nne mgomo ukafa.

Na wale wa reli walikuwa wameshaungua. Machi 1, 1933 waligoma kwa muda wa saa 2 tu, kisa mshahara kulipwa kwa mafungu, wakaandamwa na adhabu. Mjadala wa adhabu hizo ndio uliolivuruga Bunge, Dollfuss akapata upenyo wa kulifunga. Mtu kama huyo utamwambia nini tena?

Bado nasema walioshika bunduki hawakukosea, ingawa Linz walianza bila baraka za viongozi wao wa Vienna, na hilo liliwagharimu. Bunge limefungwa, Schutzbund imepigwa marufuku, wangengoja nini? Ila ningekuwa dereva wa reli siku ile, mke yuko wodini, treni ningeiondoa.