Mlimau wenye masizi na mparachichi unaokauka: yaliyonikuta Moshi

Mkuu, umesema mlimau wako hapo Sakina, Arusha, umekuwa mweusi kama sufuria la kuni, mparachichi ulio kando yake unakauka kuanzia juu, na duka la pembejeo wamekuuzia dawa moja ya kupiga miti yote miwili. Usijaze bomba kwanza. Mimi niko Pasua, Moshi, na hela niliyomwaga kwa kosa hilohilo bado inaniuma.

Tuanze na mlimau. Chuma jani, lisugue kwa kidole gumba. Weusi ukitoka kama masizi na chini yake jani ni kijani safi, huo ukungu haujaingia ndani ya jani. Unaishi juujuu, unakula sukari. Sukari imetoka wapi? Ligeuze jani. Kwangu nilikuta vidude bapa vya kahawia, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, vimejipanga kando ya mshipa wa kati, havitikisiki. Nikakwangua kimoja kwa ukucha, kikaacha majimaji. Hao ni wadudu gamba. Wanafyonza utomvu, wanadondosha utamu unaonata, ukungu unaota juu yake. Na mimi nilikuwa nimeshapiga dawa ya kopa mara tatu! Dawa ya ukungu, wadudu wananitazama tu.

Halafu fuata sisimizi. Wa kwangu walikuwa wanapita kwenye kamba ya kuanikia nguo niliyoifunga tawini, msururu kwenda na kurudi. Wanalamba ule utamu, na ili usikatike wanawafukuza wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa, pamoja na vinyigu ambavyo vingewamaliza hao gamba bure kabisa. Nilihamisha kamba, nikakata matawi yaliyogusa ukuta, nikafunga shina kwa ukanda wa plastiki na kuupaka grisi. Grisi ikae kwenye plastiki, si kwenye gome.

Wadudu wenyewe niliwapiga kwa sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, jioni jua likishapoa, nikilenga chini ya majani. Sabuni ya unga achana nayo, huunguza majani. Jaribu tawi moja kwanza. Rudia kila wiki kwa wiki tatu hivi, maana sabuni inaua mdudu iliyemgusa tu, tena hasa wale wachanga, wakubwa wamejifunika. Wale wa kwenye vijiti niliwasugua kwa mswaki wa zamani, mke wangu akicheka dirishani. Masizi hayakuondoka siku ile, yalitoka polepole na mvua za vuli.

Weusi usipotoka kwa kidole, yaani ni madoa yaliyozama ndani ya jani au tunda, hiyo habari nyingine. Kwenye maembe na maparachichi mara nyingi ni chule, ugonjwa wa ukungu unaoingia ndani, na hapo kopa ina kazi, ila ipigwe mapema kama kinga. Punguza matawi mwanga uingie, okota matunda yaliyooza.

Mparachichi ndio unanitia wasiwasi. Kihambani kwa mama, Kibosho, mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) ulivuja msimu mzima ukalowesha miparachichi miwili. Majani yakawa madogo, ya njano, yananyauka na udongo umelowa chepechepe. Tukasema wadudu, tukapiga dawa. Nilipochimba kidogo chini ya mwavuli wa mti nikaona: ile mizizi myembamba, ambayo kwenye mti mzima huwa na rangi ya maziwa, ilikuwa myeusi na inakatika kama kijiti kikavu. Huo ni uozo wa mizizi, unaoletwa na Phytophthora cinnamomi, kimelea cha udongoni kinachofanana na ukungu, si mdudu, na kinasafiri na maji. Kupulizia dawa ya wadudu majani ni kuuosha mti tu.

Mmoja ulikufa. Wa pili tuliuwahi: tukageuza maji, tukatandaza majani makavu bila kuyagusisha na shina, tukaosha jembe kabla ya kulipeleka kwenye miti mingine. Zipo pia dawa za fosifonati kwa mti ambao haujafika mbali. Kabla ya kununua, waulize TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni, kwako si mbali. Na mti ukifa, usipande mparachichi mwingine shimo lilelile.

Chimba kesho asubuhi, tupia picha ya mizizi hapa. Na utuambie maji ya kufulia mnayamwaga upande gani.