Nimetoka kwenye udhamini wa mkopo, na akiba yangu nimeipata yote

Wiki hii nimepokea barua niliyoipigania tangu mwaka jana: akiba yangu kwenye Sacco imefunguliwa, na mimi si mdhamini wa mtu tena. Alhamdulillahi. Najua wengi wenu mnaweka akiba mpate kujenga Mtwapa au Likoni, na njiani mmedhamini wenzenu. Basi someni.

Aliyeniomba tulifanya kazi pamoja kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nilimwita kaka, mkewe nikamwita wifi. Nilisaini, naye akaanza kulipa vizuri. Baadaye yeye na Sacco wakakubaliana wao kwa wao: mkopo uongezwe, muda wa kulipa urefushwe. Mimi sikuulizwa. Alipoacha kulipa, Sacco ikaniandikia kwamba itakata akiba yangu kufidia deni lote, pamoja na ile nyongeza. Kaka hashiki simu. Nilikutana naye sokoni Kongowea, akageuza uso. Hilo linaniuma hadi leo kuliko pesa.

Wakili niliyemwendea hapa mjini alitaka karatasi mbili tu: fomu niliyoisaini na ile mpya. Ile mpya haikuwa na saini yangu. Kwa Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, huwezi kushtakiwa kwa deni la mwenzio bila maandishi uliyotia saini. Sheria hiyohiyo inaleta kwetu kanuni za mikataba za Uingereza, na hapo akanieleza kesi ya mwaka 1878, Holme dhidi ya Brunskill. Mtu alidhamini kwamba kondoo wa shamba la kukodi watarudishwa wakiwa salama. Mwenye shamba na mpangaji wakapatana, konde moja lirudishwe na kodi ipunguzwe pauni 10. Mdhamini hakuulizwa. Mahakama ya Rufani ikamwachilia, kwa kuwa mkataba aliousimamia ulibadilishwa bila ridhaa yake, na yeye ndiye wa kuamua kama badiliko linamdhuru, isipokuwa iwe wazi kwamba halina uzito.

Nikaandika barua, nikashikilia hoja hiyo, nikashinda. Lakini soma fomu yako! Nyingi zina kifungu kinachomruhusu mkopeshaji kubadilisha masharti bila kukuuliza. Yangu haikuwa nacho.

Udhamini huisha pia deni likilipwa lote, au mkopeshaji akimsamehe mkopaji. Akipoteza dhamana aliyoishika, kwa mfano akirudisha hati ya kiwanja kiholela, nawe unapunguziwa mzigo kwa kiasi hicho. Udhamini wa madeni yanayoendelea unaweza kuusitisha kwa notisi, ila yaliyokwisha kukopwa yanabaki shingoni mwako. Mkopeshaji kumsubiri mkopaji tu kwa huruma hakukutoi kwenye udhamini. Kuacha kazi hakukutoi, wala kugombana na uliyemdhamini.

Jamani, acheni kumaliza mambo haya kwa simu na maneno ya dirishani. Andika, upate nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na kama umeshalilipa deni la mtu lote, usinyamaze kwa haya. Una haki ya kumdai, na dhamana aliyoiweka kwa mkopeshaji inahamia kwako. Iombe kwa barua siku hiyohiyo unayolipa, kabla hajarudishiwa mwenyewe.