"Nzuri, Namshukuru Mungu": Jibu Lililoninyima Mafao ya Ulemavu

Barua ya kukataliwa mafao ya ulemavu iliponifikia hapa Minnesota, Marekani, niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, koti sijalivua. Ilisema kwamba ugonjwa wangu unatambuliwa, lakini kumbukumbu za matibabu hazionyeshi kuwa unanizuia kufanya kazi. Niliumia sana, kwa kuwa ilikuwa imepita miezi 14 tangu sonona initoe kwenye kazi ya kutunza wazee, na zilikuwapo wiki ambazo sikunyanyuka kitandani mpaka mdogo wangu anishike mkono. Nilipoomba nakala ya faili langu la kliniki ndipo nilipoelewa: kila nilipokwenda, palipotakiwa kuelezwa hali ya mgonjwa, yaliandikwa maneno yangu mwenyewe, kwamba sijambo na namshukuru Mungu.

Kwetu hayo ni maamkizi tu. Mtu husema hajambo hata akiwa na homa, kisha ndipo hueleza kinachomsumbua. Mimi niliishia kwenye maamkizi kwa aibu, maana katika jamii yetu ukitaja maradhi ya akili watu husikia "kichaa". Mkalimani akatafsiri nilichosema, daktari akaandika alichosikia, na mtathmini wa mafao ambaye hajawahi kuniona akaamua kwa karatasi hiyo.

Ninachotaka ndugu zangu mfahamu ni kwamba Social Security, idara ya serikali inayosimamia mafao haya Marekani, haitoi mafao kwa sababu ya jina la ugonjwa peke yake. Inataka kujua kama ugonjwa huo unakuzuia kufanya kazi ya kipato cha maana, na kama umedumu au unatarajiwa kudumu kwa miezi 12 au zaidi. Kwa maradhi ya akili hupima mambo manne: kuelewa, kukumbuka na kutumia maelekezo; kuhusiana na watu; kuweka makini na kuendana na kasi ya kazi; na kujimudu pamoja na kuyakabili mabadiliko. Mara nyingi hutafutwa upungufu mkubwa katika mambo mawili kati ya hayo, au uliokithiri katika moja.

Majibu yanayohitajika hapo yanatoka nyumbani kwako. Fomu ya SSA-3373, ambayo mwombaji hujaza kuhusu shughuli zake za kila siku, huuliza, pamoja na mengine, kama unajipikia. Mara ya kwanza niliandika "ndiyo". Katika rufaa niliandika hivi: "Napika chai tu, mdogo wangu akiwa jikoni, kwa sababu mwezi Februari niliacha maharage motoni hadi yakaungua, king'ora cha moshi kikalia, nami nimekaa sebuleni nakisikia bila kunyanyuka." Sikuongeza chumvi hata kidogo, na wewe usiongeze, eleza siku zako mbaya, zinatokea mara ngapi, na nani hukusaidia. Mdogo wangu naye alijaza SSA-3380, fomu ya mtu anayekufahamu, akaeleza mambo ambayo mimi nisingethubutu kuyaandika.

Kuhusu aina za mafao, SSDI hutegemea michango uliyokatwa kazini, na SSI ni ya mwenye kipato kidogo na mali isiyozidi dola 2,000 kwa mtu mmoja. Kwa mgeni, hati zake za ukaazi huamua kama anaruhusiwa kuipata.

Ukikataliwa, una siku 60 za kukata rufaa tangu upokee barua. Usizipoteze kwa kufungua ombi jipya, kwani unaweza kukosa malimbikizo ya miezi iliyopita. Wakili anayeshughulikia kesi hizi kwa kawaida hulipwa ukishinda tu, kwa sehemu isiyozidi asilimia 25 ya malimbikizo hayo. Usikatize matibabu, na kama dawa zimekushinda kwa bei au kwa madhara yake, hakikisha daktari ameliandika hilo, maana pengo lisilo na maelezo husomwa kama umepona.

Mkalimani wa Social Security ni bure, ukimwomba. Mimi siku hizi, hata kliniki, kabla hatujaingia kwa daktari humwambia mkalimani kwamba nitaanza kwa kusema sijambo, na kwamba asubiri sentensi inayofuata. Kisha natoa karatasi niliyoandika usiku uliotangulia, yenye saa nilizolala, siku nilizoshindwa kuoga na simu nilizoogopa kupokea, nami naisoma yote kwa sauti.