Barua kwa mwanangu: lenzi iliyolegea upande wa kushoto

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Ng'ambo, hapa Unguja mjini, wazima, na bibi yako hakuchi hajakutaja.

Umeniandikia kwamba lenzi uliyoinunua kwa pesa zako za karafuu inafifisha picha upande wa kushoto. Muuzaji anakwambia ndivyo zilivyo, na wewe waona vibaya kuihama kampuni niliyoitumia mimi tangu hujazaliwa. Wauliza ubaki au uhame.

Jina liache kwanza, tuitazame lenzi. Ndani ya bomba lile mna vioo vingi vilivyopangwa kwenye mstari mmoja. Kimoja kikikaa upogo, hata kwa kiasi usichoweza kukiona kwa macho, upande mmoja wa picha unalegea, hautoki mkali. Ndiyo maana lenzi mbili za jina moja na bei moja zaweza kutofautiana. Na hili si kuvu. Kuvu ni letu la pwani, huletwa na unyevu, nalo lazuilika ukihifadhi vyombo pakavu. Kioo kilichokaa upogo kwenye lenzi mpya ambayo haijawahi kuanguka kimetoka hivyo kiwandani.

Hakikisha mwenyewe. Bandika gazeti wazi ukutani, weka kamera kwenye stendi, itazamane na ukuta sawasawa, fungua tundu la kupitishia mwanga mpaka f/2.8 (namba ndogo ndiyo tundu kubwa), lenga katikati, upige. Halafu ipindue kamera juu chini, upige tena. Ulegevu ukihamia upande wa pili wa gazeti, na lenzi nyengine kwenye kamera hiyohiyo hailegei, kosa ni la lenzi. Ukibaki palepale, kamera yako haikutazamana na ukuta. Muuzaji akikuonesha picha nzuri, muulize ameipiga kwa tundu gani. Ukilibana mpaka f/8, kasoro nyingi hujificha, lakini sisi kazi yetu ni ukumbini usiku, kwa wanawake, taa za rangi na bi harusi anayeingia polepole. Nani ana mwanga wa f/8 pale?

Sasa hilo la kampuni, na hapa nina jambo sijapata kukwambia. Lenzi yangu ya kwanza ya kampuni ile ilikuwa nzuri mno, nikaipenda kampuni nzima kwa ajili yake. Nilipokuja kununua ya pili, ililegea kushoto kama hiyo yako. Sikukubali. Nilisema mkono wangu umetetema, nikasema mwanga mdogo, nikasema bi harusi amesogea. Mwaka mzima nilijilaumu mimi ili jina lile libaki safi. Katika harusi moja, bibi yake bi harusi alisimama mwisho wa mstari, kushoto. Alifariki kabla mjukuu hajajifungua, na ile ndiyo picha pekee waliyosimama pamoja. Uso wa yule bibi hauonekani vizuri. Familia haikunilaumu hata siku moja. Mimi kila nikipita nyumba ile naiona picha ukutani.

Kwa hiyo usibaki kwa ajili yangu. Kampuni zenyewe huhama zikiona faida. Canon iliubadilisha mdomo wa kamera zake, pale lenzi inapokaa, mwaka 1987, lenzi za zamani zisikae kwenye kamera mpya. Nikon ilishika mdomo wake tangu 1959, lakini ilipoingia kwenye kamera kubwa zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi picha, mwaka 2018, nayo ilileta mwingine. Siwalaumu, ni biashara. Nasi yetu ni biashara pia.

Lakini usiuze kila kitu kwa hasira. Kamera yako haina kosa, na mdomo wake wapokea lenzi za wengine: Sigma na Tamron hutengeneza lenzi za kukaa kwenye kamera za kampuni nyengine. Dai kwanza ubadilishiwe hii. Ukipewa nyengine ya jina lilelile, ipige kwenye gazeti kabla hujatoka dukani, na ikiwa sawa, itumie kwa moyo mweupe. Ikilegea nayo, chukua pesa zako.

Ijumaa ukipanda boti, njoo nayo pamoja na risiti na boksi lake, usitupe hata karatasi. Gazeti nimeshalibandika kwenye ukuta wa uani, na harusi yako ya Jumamosi utaipiga kwa lenzi yangu ya zamani.

Mama yako