Maswali na Majibu: Swichi imezimika, mbona programu inasema mtandao ni mzima?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia mtandao wa chuo ambako kila jengo lina staki moja, yaani swichi nne (vifaa vinavyounganisha kompyuta na mtandao) zilizounganishwa zikafanya kazi kama kifaa kimoja chenye anwani moja ya IP. Tunazifuatilia kwa itifaki ya SNMP, yaani utaratibu wa kuviuliza vifaa vya mtandao hali yake, kupitia programu ya ufuatiliaji ya Zabbix. Hivi karibuni swichi moja ilizimika na maabara ya kompyuta ikakosa mtandao, lakini programu haikutoa tahadhari yoyote. Tulipoiwasha tena staki nzima, grafu za poti zilichanganyika. Je, tuachane na itifaki hii? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, msiachane nayo. SNMP hujibu kile ilichoulizwa, nanyi bila shaka mlikuwa mkiuliza kama ile anwani moja inapatikana. Katika staki, swichi moja huwa kiongozi na ndiyo inayojibu kwa niaba ya wenzake. Ikizimika, nyingine hushika nafasi yake kwa anwani ileile. Kwa hiyo swichi tatu zinaweza kuzimika na anwani ikaendelea kuitika.

Mnachopaswa kuuliza ni hali ya kila mwanachama. Jedwali la entPhysicalTable, lililomo katika ENTITY-MIB (orodha sanifu ya taarifa ambazo SNMP inaweza kuziuliza), huorodhesha sehemu halisi za kifaa pamoja na namba zake za utambulisho, na ndani yake kila swichi ya staki huonekana kama chasisi, yaani kiunzi cha kifaa, inayojitegemea. Hapa ndipo wengi hunaswa: mwanachama akitoweka, mara nyingi mstari wake hutoweka pia, na programu ikikosa thamani ya kulinganisha hainyanyui tahadhari ya hitilafu. Hesabuni basi idadi ya chasisi, na tahadhari itoke inapopungua chini ya nne. Kwa swichi za Cisco zenye StackWise, teknolojia ya kampuni hiyo ya kuunda staki, ipo pia cswSwitchState, ambayo thamani yake ni 4 mwanachama anapokuwa tayari kwa kazi, na cswRingRedundant, inayoonyesha kama mzunguko wa kebo za staki umekamilika. Hiyo ya pili ningeiweka hata kabla ya grafu yoyote, kwa sababu kebo moja ikikatika watumiaji hawahisi kitu mpaka ikatike ya pili.

Kuhusu grafu, kila poti hupewa namba iitwayo ifIndex, na kanuni za itifaki hazilazimishi namba hiyo ibaki ileile baada ya kifaa kuwashwa upya. Itambulisheni poti kwa jina lake, yaani ifName, na kama swichi zenu zina amri ya kuhifadhi ifIndex, iwasheni. Mkiwa hapo, hakikisheni mnasoma kaunta (vihesabio vya data inayopita kwenye poti) za biti 64 kama ifHCInOctets. Kaunta ya biti 32 kwenye poti ya gigabiti 1 inayotumika kikamilifu hujaa na kuanza upya kila baada ya sekunde 34 hivi, ilhali programu nyingi husoma kila baada ya dakika 5.

Msitegemee trapu peke yake, yaani ujumbe ambao swichi huutuma yenyewe bila kuulizwa. Ujumbe huo husafiri kwa UDP kwenye poti ya 162 bila kuthibitishwa kwamba umefika. Informu, ujumbe wa aina hiyo uliokuja na toleo la pili la SNMP, husubiri uthibitisho, hivyo ni bora zaidi.

Hamkuuliza kuhusu usalama, lakini siwezi kulinyamazia. Matoleo ya kwanza na ya pili ya SNMP hupitisha neno la siri likiwa wazi, na vifaa vingi huja na neno "public", ambalo kila mdukuzi hulijaribu kwanza. Tumieni toleo la tatu pamoja na uthibitisho na usimbaji, na swichi zikubali maswali kutoka kwenye seva ya ufuatiliaji tu.

Mkishamaliza, chagueni usiku ambao maabara haina wanafunzi, mzime swichi moja isiyo kiongozi, kisha mwone tahadhari inachukua muda gani kumfikia aliye zamu.