Watu walilipa, ila walinilipa mimi

Ndugu yangu umeuliza kama kupakua nyimbo bure ni kumwibia msanii, na waliokujibu wengi wanasema Watanzania hatuna desturi ya kulipia muziki. Hilo nalikataa, maana hela hizo nimezishika mimi kwa mikono yangu.

Kuanzia 2011 hadi 2016 nilikuwa na kibanda Mlango Mmoja, Mwanza. Kompyuta moja, spika mbili, kazi ni kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kujaza kadi ya GB 2 nilitoza shilingi 2,000. Makonda, mama ntilie, wavuvi wa Ukerewe, wote walilipa bila kulalamika, wengine kila wiki wakiulizia mpya. Aliyeimba hakupata hata senti.

Siku moja akaja mzee mmoja. Nikampa shikamoo, akaomba nimwekee nyimbo za bendi fulani ya zamani. Nilipozijaribu kwenye spika nikaona vidole vyake vya kushoto vinatembea juu ya paja. Nikamuuliza kama anapiga gitaa.

"Hilo la pili unalolisikia ni mimi."

Hakuwa na nakala ya kazi yake mwenyewe. Nikataka kumrudishia ile elfu mbili, akakataa, akasema, "Hata wewe una watoto wa kulisha." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Ndiyo maana naunga mkono tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 iliyowekwa 2023 kwa vifaa vya kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Inachukua hela palepale zilipokuwa zinapotelea. Muziki wa kusikiliza mtandaoni nao unalipa, ila kidogo mno kwa kila usikilizaji, na anayefaidi ni mwenye mamilioni ya wasikilizaji. Kwa wazee wetu shida iko mbele zaidi: huwezi kumgawia hela mtu ambaye jina lake halimo kwenye kumbukumbu za hakimiliki. Wengi walirekodi bila karatasi yoyote, wakapewa posho ya siku wakaondoka.

Kama kwenu yupo aliyewahi kupiga bendi, kaa naye na daftari. Andika wimbo, mwaka, nani alitunga, nani alipiga nini, kisha mpeleke akasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Yule mzee nilimtafuta mpaka nikampata Igoma. Jioni ya kwanza tulifikisha nyimbo 14, na gitaa akalishusha ukutani ili akumbuke nyingine.